Selimundu mnaielezea nusu, swichi hamjaigusa

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua. Najua barua ndefu mnazikata, hii mkiikata kateni salamu, katikati msiguse tafadhali.

Makala yenu ya juzi kuhusu selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza nikiwa saiti nasubiri umeme urudi, mara ya pili usiku nyumbani mama watoto kashalala, na niseme ukweli mmejitahidi, mmeongelea maumivu, mmeongelea wachumba kupima kabla ya ndoa, mmeongelea gharama, sawa kabisa. Ila mkaishia palepale ambapo kila gazeti na kila redio inaishia, eti mtoto ana jeni mbovu kairithi kwa baba na mama, basi, kwisha habari. Mimi ni fundi umeme, nipo Mwanza, mwaka wa 19 huu nashika waya, na ni baba wa mtoto mwenye selimundu, na kwa lugha ya kazini kwetu jeni ni balbu tu. Fundi akiitwa nyumba haina taa, akaangalia balbu peke yake akaondoka, huyo sio fundi, huyo kaja kunywa chai.

Ngoja niwaeleze yaliyotukuta. Binti yetu alizaliwa na kilo zake tatu na ushee, analia vizuri, ananyonya mpaka mama yake anachoka. Mwezi wa kwanza safi, wa tatu safi, kadi ya kliniki mstari unapanda tu. Mke wangu akauliza pale kituoni (kituo sikitaji), maana kwao kuna ndugu zake wawili walifariki wadogo na hakuna aliyejua ni nini, akasema sista, huyu tusimpime siko seli (ndo hiyo selimundu)? Akajibiwa, "Mama, angekuwa nayo ungeshaona, mtoto ana afya huyu, nenda kanyonyeshe." Tukarudi nyumbani roho nyeupe.

Miezi nane ilipofika vidole vya mkono wa kulia vikavimba, kesho yake mkono wa kushoto, halafu nyayo, vidole vya mtoto vimejaa vinang'aa kama ndizi kisukari, ukivigusa tu analia mpaka sauti inakata. Mama mkwe akaja kutoka Sengerema na basi la kwanza, akamwangalia, akanivuta pembeni akaniambia, "Baba Neema, huyu mtoto kakanyagishwa kitu." Mtoto mwenyewe hata kusimama bado, kakanyagia wapi? Lakini mama mkwe hajibiwi hivo, nikanyamaza. Vipimo vilipotoka ikawa SS, yaani ana jeni mbovu mbili, moja yangu na moja ya mama yake.

Sasa hapa ndo lilianza swali ambalo makala yenu haikuligusa kabisa na mimi lilininyima usingizi wiki nzima. Kama jeni ilikuwa mbovu tangu tumboni, miezi nane yote ile ilikuwa imejificha wapi? Jeni haiingii mwilini mwezi wa nane. Balbu ilikuwa imeungua tangu siku ya kwanza na nyumba ilikuwa inawaka taa vizuri tu, hiyo kwa fundi ina maana moja, kuna laini nyingine ilikuwa inabeba nyumba.

Kijana mmoja wa maabara ndo alinifungulia macho, akachukua karatasi akaanza kuchora, kabla hajamaliza nikamwambia dogo, hii ni chenjiova! Wenye jenereta wanaijua, ile swichi kubwa ya kugeuza, juu TANESCO chini jenereta, haiwezi kukaa kote kuwili kwa pamoja. Mtoto akiwa tumboni hapumui hewa, oksijeni anaivuta kutoka kwenye damu ya mama kupitia kondo la nyuma, kwa hiyo anahitaji himoglobini (ile protini ya kwenye chembe nyekundu inayobeba oksijeni) yenye kuvuta kwa nguvu kuliko ya mama, na hiyo ndo inaitwa himoglobini F, imeundwa na protini za alfa na gamma. Akishazaliwa mwili unaanza kuzima gamma na kuwasha beta ya himoglobini ya ukubwani, pole pole, sio siku moja. Siku ya kuzaliwa himoglobini F ni kama asilimia 70 hivi, kwa mtu mzima mara nyingi haifiki hata asilimia moja. Na ule ubovu wa selimundu uko kwenye beta, herufi moja tu ya maandishi ya jeni (DNA), palipotakiwa A pameandikwa T. Gamma haina tatizo lolote. Kwa hiyo binti yangu miezi ile ya mwanzo alikuwa anaishi kwa jenereta, na laini mbovu ya nje hakuna aliyeijua, mpaka chenjiova ilipogeuzwa.

Na hii sio habari mpya jamani. Daktari wa watoto wa New York, Janet Watson, mwaka 1948 aliona kwamba damu ya vichanga wenye selimundu haijikunji kama ya wakubwa, na akahisi ni ile himoglobini ya tumboni inayowakinga. 1948! Kabla hata wanasayansi hawajaijua ile herufi. Halafu mimi kwenye karne hii naambiwa angekuwa nayo ungeshaona.

Sasa naomba mnivumilie kidogo niingie ndani ya boksi, maana utamu uko huku. Hizi jeni za upande wa beta zimepangwa kwenye mstari mmoja kwenye kromosomu namba 11, na zimepangwa kwa zamu zinavyotumika, inaanza epsiloni ya siku za kwanza kabisa za mimba, zinafuata gamma mbili, halafu delta, mwisho beta. Mbele ya mstari mzima kuna kipande ambacho chenyewe sio jeni, hakitengenezi protini yoyote, kazi yake ni kujikunja na kuigusa jeni moja kwenye ule mstari ili iwake kwa nguvu. Kikiwa kimeshika gamma, beta inakosa moto. Kikihamia beta, gamma inafifia. Nani anakihamisha? Kuna protini inaitwa BCL11A, hiyo inaenda kukaa jirani na gamma na kuizima. Nayo BCL11A ina jeni yake, na jeni yake ina swichi zake, na hizo swichi zinawashwa na protini nyingine kama GATA1, na kuna nyingine inaitwa KLF1 ambayo inawasha beta na hapohapo inawasha BCL11A ili izime gamma. Mnaona hiyo? Mkono mmoja unawasha huku na kuzima kule. Mtu aliyewahi kufunga paneli ya mota, kontakta mbili zinafungiana ili zisiingie pamoja, ataelewa haraka kuliko mwanafunzi wa chuo. Wenyewe wanaita mtandao wa udhibiti wa jeni, mimi naita paneli.

Na ndo maana seli ya ini na seli ya ubongo wako zina jeni zilezile, kama elfu 20 hivi, ila moja ni ini na nyingine ni ubongo. Vyumba vyote vina waya zote, tofauti ni swichi zipi ziko juu. Kuna swichi ya jeni ya kuchonga vidole ipo mbali na jeni yenyewe kama herufi milioni moja, imekaa katikati ya jeni nyingine kabisa isiyohusika, na ikiharibika herufi moja mtoto anaweza kuzaliwa na kidole cha ziada upande wa dole gumba. Swichi iko mtaa wa tatu, taa iko kwako. Mimi nikifunga hivo mteja hanilipi, lakini mwili umefunga hivo na unafanya kazi.

Mahali ambapo mfano wangu unakufa nakiri mwenyewe. Taa ya kwangu inawaka au haiwaki. Himoglobini F haizimiki moja kwa moja, inavuja, na inavuja tofauti kwa kila mtu, na hapa ndo namleta shemeji yangu. Tulipojua ya mtoto tukaambiwa ndugu wote wapime, mdogo wake mke wangu wa kiume, bonge la mtu, anabeba mizigo sokoni Kirumba, akakutwa SS. Yaani ana jeni mbovu ileile, mbili, kama binti yangu, na maisha yake yote anajua ana "baridi ya mifupa" mara moja kwa mwaka basi. Walipopima F yake ikawa juu, F ya binti yangu ikawa chini. Himoglobini S (ile yenye beta mbovu) ikishaachia oksijeni zinashikana zenyewe kwa zenyewe zinakuwa nyuzi ngumu na ndo chembe nyekundu inajikunja kama mundu, F ikiwa imechanganyika humo inazikatiza zisishikane. Shemeji jenereta yake haijawahi kuzimwa sawasawa. Haya, niambieni makala ya "jeni mbovu" inamwelezeaje shemeji?

Na wako wengi. Mashariki ya Saudia wapo wagonjwa wa selimundu wenye F ya juu na ugonjwa wao kwa kawaida ni mwepesi kuliko wa kwetu, Oman unakuta aina zote mbili, ile ya Kiarabu na hii ya Kibantu, na hii ya Kibantu mnajua wenyewe ilifikaje kule, historia ya pwani hii iko mpaka kwenye damu. Herufi ya ugonjwa ni ileile pote, majirani wake kwenye mstari ndo tofauti. Watafiti wa Muhimbili na wenzao wa Uingereza walilifuatilia hilo kwa wagonjwa wa hapahapa Tanzania, wakaandika mwaka 2011 kwamba tofauti za F zinafungamana na ile BCL11A na sehemu nyingine za paneli. Wagonjwa wetu, daftari zetu, na gazeti la Kiswahili halijaandika hata mstari mmoja, au kama mliandika mimi lilinipita.

Mkaandika pia dawa mpya ya Ulaya na Marekani "inayorekebisha jeni mbovu". Hapana Mhariri, hapo mmekosea na naomba msahihishe. Ile Casgevy, iliyoruhusiwa Uingereza Novemba 2023 na Marekani mwezi uliofuata, haigusi herufi ya selimundu hata kidogo! Wameiacha hapohapo. Wanachofanya wanatoa seli mama za mgonjwa za kutengeneza damu, wanazikata kwa ule mkasi wa CRISPR, na wanakokata ni kwenye swichi ya BCL11A. Tena sio kila swichi, maana BCL11A ina kazi nyingine kwenye ubongo na kwenye seli za kinga, ukiifuta yote umeua mtu. Watu wa Boston mwaka 2013 walionyesha kwamba kuna swichi yake moja inayofanya kazi kwenye ukoo wa chembe nyekundu tu, hiyo ndo inayokatwa. BCL11A inalala, gamma inaamka, jenereta inarudi kubeba nyumba. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilipoiruhusu ilisema wagonjwa 29 kati ya 31 waliofuatiliwa vya kutosha walikaa angalau miezi 12 mfululizo bila shambulio kubwa la maumivu. Kabla ya kurudishiwa seli zao wanapigwa kemo kali ya kusafisha uloto, kiwanda cha damu ndani ya mifupa, na bei yake kule ni dola milioni 2.2, mimi nikizibadilisha kwa shilingi simu inaandika namba haiishi.

Sasa sikilizeni hii, hii ndo ilinifanya nichukue kalamu. Pale mkasi unapokata ni pale ambapo GATA1 inashika. Wanaharibu kishikio cha GATA1 na swichi inakufa kwenye damu tu, mwili mwingine uko vilevile. Kumbe ujanja huo mababu zetu wanao siku nyingi. Kuna protini inakaa juu ya chembe nyekundu inaitwa Duffy, kimelea cha malaria aina ya vivax kinaitumia kama kitasa cha kuingilia. Waafrika wengi sana wa kusini ya Sahara hawana Duffy kwenye chembe nyekundu, na mwaka 1995 watafiti wa Ufaransa wakaonyesha kwa nini: jeni ya Duffy ni nzima kabisa, ila swichi yake ya kwenye damu imebadilika herufi moja, na herufi hiyo iko palepale GATA1 inaposhika! Sehemu nyingine za mwili Duffy ipo inafanya kazi zake. Hakuna mkasi, hakuna maabara, inaaminika ni malaria tu ilikuwa inaua waliokuwa na kitasa na kuwaacha wasio nacho, kizazi kwa kizazi. Mimi nilikaa kimya kama dakika tano niliposoma hilo.

Maziwa nayo hivohivo. Mtoto ana kimeng'enya cha kusaga sukari ya maziwa, akiacha ziwa swichi inazimwa, ndo maana watu wazima wengi duniani wakinywa maziwa fresh tumbo linaongea. Mwaka 2007 timu ya mtafiti wa Marekani Sarah Tishkoff ilichapisha utafiti wa watu wa Tanzania, Kenya na Sudan, wakakuta kwa wafugaji kama Wamasai kuna herufi imebadilika, haipo kwenye jeni ya kimeng'enya, ipo kama herufi elfu 14 mbali nayo, ndani ya jeni ya jirani, na ukubwani ile swichi haizimi. Wazungu wana herufi yao nyingine, karibu na hapohapo, waliipata kivyao. Ng'ombe kaingia bomani, swichi ikabadilika, balbu haijaguswa. (Msukuma mwenzangu anayesoma hapa na anayeumwa tumbo na maziwa fresh asijisikie vibaya, mtindi upo.)

Kwa hiyo wale wanaoandika kwenye simu kwamba damu ya Mwafrika ina laana, naomba muwajibu. Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, aliona kwamba selimundu iko juu pwani na huku kwetu ziwani, kule milimani iko chini, na mwaka 1954 akaonyesha kuwa mwenye AS, yaani jeni mbovu moja na nzima moja, anapata kinga ya malaria. Malaria yetu ya huku ni ya aina nyingine, falsiparamu, haijali kitasa cha Duffy. Laana gani hiyo inayolinda watoto?

Sasa naomba nini. Kwanza muandike kwa herufi kubwa kwamba mtoto wa miezi mitatu kuwa mnene na mchangamfu haimaanishi hana selimundu, jenereta inambeba. Tena hata kile kipimo rahisi cha kuangalia kama damu inajikunja kinaweza kudanganya kwa kichanga kwa sababu hiyohiyo, F imejaa. Kinachotakiwa ni kile cha kuchanganua aina za himoglobini, hicho kinaiona S tangu siku ya kwanza, tone la kisigino linatosha. Akijulikana mapema anaanzishiwa penisilini, anapata chanjo zake, anakingwa malaria, kabla vidole havijawa ndizi. Makadirio yanayotajwa nchini ni watoto kama elfu 11 kila mwaka wanazaliwa na selimundu, na kwa miezi ile ya mwanzo wengi wao wanaonekana wazima kabisa kama wa kwangu.

Pili, punguzeni kutuandikia dola milioni 2 kila mara kama vile ndo njia peke yake. Dodoma pale hospitali ya Benjamin Mkapa wanapandikiza uloto kwa watoto wa selimundu, sawa, hiyo kubwa na inahitaji ndugu ambaye uloto wake unaendana na wa mgonjwa. Lakini kuna haidroksiurea, vidonge, mojawapo ya kazi zake ni kupandisha F, na utafiti uliofanyika Kilifi, Mbale, Kinshasa na Luanda ukachapishwa 2019 ulionyesha watoto wanaoitumia wanapata maumivu machache, wanaongezewa damu mara chache, na wanaokufa ni wachache. Sio ya kujinunulia tu, daktari anapima damu kila baada ya muda. Binti yangu anaitumia, ana miaka sita, F yake imepanda, mwaka jana amelazwa mara moja. Mwaka wa kabla ya dawa alilazwa mara saba, nilikuwa naacha kazi za watu katikati mpaka wengine wakatafuta fundi mwingine. Andikeni inapatikana wapi, bei gani, bima inalipa au hailipi, na ni zahanati zipi zina kile kipimo cha kichanga. Hizo ndo habari.

Mwezi uliopita tumepata wa pili, wa kiume. Siku ya pili nikampeleka nikasema nataka apimwe himoglobini. Nesi, tofauti na yule wa kwanza lakini sauti ileile, akaniangalia akasema, "Baba, mtoto mzima huyu, unatafuta nini?" Nyuma yangu kulikuwa na foleni ya akina mama mpaka mlangoni, jua linawaka, watoto wanalia, ningeanzia wapi, gamma, BCL11A, chenjiova? Nikamwambia wewe pima tu sista, nitakueleza siku nyingine. Ndo hii barua.

Fundi umeme,
Mwanza
(jina nimewapa, msilichapishe)